Siku Kumi na Tisa za City Water

Ijumaa ya tarehe 13 Mei 2005, Waziri wa Maji na Maendeleo ya Mifugo, Edward Lowassa, aliwaita waandishi wa habari jijini Dar es Salaam akawatangazia kwamba serikali imevunja mkataba na City Water, kampuni iliyokuwa ikiendesha huduma ya maji na majitaka ya jiji hilo tangu Agosti 2003. Jumatano ya tarehe 1 Juni, maofisa wa serikali waliingia katika ofisi za kampuni, wakaukabidhi uongozi kwa watu wengine, na wakuu wake wa kigeni wakakamatwa na kuondolewa nchini. Kazi ikachukuliwa na shirika jipya la umma, DAWASCO.

Kati ya tarehe hizo mbili kuna siku kumi na tisa. Wasuluhishi watatu waliokabidhiwa shauri lililofuata walizipitia siku hizo moja baada ya nyingine, tangazo kwa tangazo na barua kwa barua. Tarehe 24 Julai 2008 wakatoa uamuzi ambao mpaka leo husomwa katika vyuo vya sheria vya nchi nyingi. Waliona kwamba Tanzania ilikuwa imekiuka mkataba wake na Uingereza wa kulinda wawekezaji, tena katika vifungu vinne. Kisha wakaamua kwamba haidaiwi fidia hata senti moja.

Kesi hiyo ndiyo uti wa mgongo wa sura hii, kwa sababu ndani yake tunaona wazi mambo mawili ambayo katika mijadala yetu huchanganywa: haki ya nchi kuachana na mwekezaji aliyeshindwa kazi, na namna nchi inavyoachana naye. Mikataba ya uwekezaji haiigusi sana haki ya kwanza. Inabana zaidi namna, na hapo ndipo Tanzania imekuwa ikiumia.

Tuanze na maji yenyewe. Sensa ya mwaka 2002 iliwakuta Dar es Salaam watu wapatao milioni 2.5. Maji ya bomba yalitoka hasa katika mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, na kidogo Mtoni. Mabomba yalikuwa yamechakaa, mengine yanavuja chini ya ardhi mwaka mzima bila mtu kujua, mengine yametobolewa na watu waliojiunganishia wenyewe. Wenye bomba uani walipata maji kwa mgao. Wasio nalo, na hao ndio waliokuwa wengi, walinunua kwa jirani, au kwa wauza maji wa mikokoteni, dumu moja moja la lita 20. Mtu wa Manzese aliyenunua kwa dumu alilipa kwa kila lita zaidi ya mtu wa Oysterbay aliyeletewa bili. Hali hiyo ilikuwepo kabla ya City Water, ikaendelea wakati wake, na haikwisha ilipoondoka. Naitaja mapema kwa sababu katika kurasa za mawakili huwa haionekani sana.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ilipata ahadi ya fedha za kukarabati mfumo huo, takriban dola milioni 140, kutoka Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Afrika na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Fedha hizo zilikuja na sharti kwamba uendeshaji ukabidhiwe kampuni binafsi. Wakati huohuo Tanzania ilikuwa katika mpango wa kufutiwa madeni, na ubinafsishaji wa maji ya Dar es Salaam ulikuwa miongoni mwa hatua ilizotakiwa kuchukua. Zabuni ikatangazwa. Kampuni tatu za nje zilifuzu mchujo, lakini siku ya kurudisha zabuni ilirudi moja tu.

Nadhani hapo ndipo pangestahili kusimama. Zabuni ikiwa moja, huna cha kuilinganisha nayo. Hujui kama bei yake inawezekana, wala hujui kama aliyeiandika amelichunguza jiji au amebahatisha. Lakini fedha za wafadhili zilikuwa zinasubiri, na kusimama kungekuwa na gharama yake. Mkataba ukasainiwa tarehe 19 Februari 2003.

Muundo wake unahitaji uangalifu kidogo, maana kesi nzima imekaa juu yake. Biwater ya Uingereza na Gauff ya Ujerumani zilianzisha kampuni moja iliyosajiliwa Uingereza, Biwater Gauff (Tanzania), ya kwanza ikiwa na asilimia 80 na ya pili 20. Kampuni hiyo ikaungana na kampuni ya Kitanzania, Super Doll, kuunda City Water, Waingereza na Wajerumani wakiwa na hisa asilimia 51 na Super Doll 49. City Water ikaingia mkataba wa upangaji wa miaka 10 na DAWASA, mamlaka ya umma iliyobaki kuwa mmiliki wa mitambo na mabomba. City Water ilitakiwa kuendesha mfumo, kukusanya bili, kubaki na fungu lake, na kuikabidhi DAWASA fungu la mmiliki. Kulikuwa pia na mfuko maalumu wa kuwasaidia watu wa kipato kidogo kuunganishiwa maji kwa mara ya kwanza.

Mambo yalikwenda mrama mapema. Makusanyo yalibaki nyuma sana ya makadirio yaliyoandikwa katika zabuni. Mfumo wa kutoa bili ulisumbua, na orodha ya wateja haikuaminika. Ada ya upangaji haikulipwa ipasavyo. Ilipofika 2004 kampuni iliomba bei za maji zipandishwe, na mazungumzo ya kuurekebisha mkataba yakaanza, yakaburuzwa mpaka Mei 2005, yakavunjika. Wasuluhishi wenyewe walikuja kusema bila kuficha kwamba chanzo kikuu cha matatizo ya City Water kilikuwa City Water: zabuni iliyoandaliwa vibaya na uendeshaji uliopwaya. Kwa hiyo hapakuwa na swali kama DAWASA ilikuwa na sababu ya kuuvunja mkataba. Sababu ilikuwepo. Utaratibu pia ulikuwepo, tena umeandikwa: unatoa notisi ya kusudio la kuvunja, unampa mwenzako muda wa kurekebisha, muda ukipita bila marekebisho unavunja, mnakabidhiana. DAWASA ilitoa notisi hiyo tarehe 12 Mei. Siku iliyofuata, Waziri akatangaza kwamba mkataba umekwisha.

Mwenye nyumba anaweza kuwa na haki kamili ya kumtoa mpangaji asiyelipa kodi. Akitoa notisi ya mwezi mmoja, kisha kesho yake akaita majirani na kutangaza kwamba huyu si mpangaji wangu tena, na wiki ya tatu akaingia ndani na kuvitoa vyombo nje, haki yake ya kudai kodi inabaki palepale. Lakini amefanya kosa lingine, jipya, ambalo mpangaji naye anaweza kumshitaki.

Mshitaki wetu, Biwater Gauff, alikuwa na mahali pa kwenda kwa sababu ya waraka ambao sidhani kama wengi waliokuwa katika chumba kile cha habari waliukumbuka. Tarehe 7 Januari 1994, Tanzania na Uingereza zilitia saini mkataba wa kukuza na kulinda uwekezaji, ukaanza kutumika Agosti 1996. Ni waraka mfupi. Unaahidi kwamba wawekezaji wa kila nchi watatendewa kwa haki na usawa katika nchi ya mwenzake, watapewa ulinzi na usalama kamili, hawatadhuriwa kwa hatua zisizo na msingi au za kibaguzi, na mali yao haitataifishwa ila kwa manufaa ya umma na kwa fidia ya haraka, ya kutosha na inayolipika. Na unaahidi jambo moja zito kuliko hayo yote: mwekezaji akiona ahadi hizi zimevunjwa, haendi Mahakama Kuu ya Tanzania wala haisubiri serikali yake imsemee. Anaishitaki nchi mwenyewe, mbele ya wasuluhishi, chini ya Kituo cha Kimataifa cha Usuluhishi wa Migogoro ya Uwekezaji, ICSID, chombo kilichomo katika familia ya Benki ya Dunia jijini Washington.

Jambo hilo la mwisho halikuwepo tangu mwanzo. Mkataba wa kwanza wa aina hii ulitiwa saini tarehe 25 Novemba 1959 kati ya Ujerumani Magharibi na Pakistani. Ujerumani ilikuwa imepoteza mali zake za nje katika vita vikuu viwili, na mkuu wa benki Hermann Abs alikuwa akitembeza kwa miaka kadhaa wazo la sheria ya kimataifa ya kulinda mitaji. Mkataba ule uliahidi mengi ya haya tuliyoyaona, lakini aliyeweza kudai ni dola dhidi ya dola. Tanzania nayo ilisaini wake wa kwanza na Ujerumani Magharibi tarehe 30 Januari 1965. Wiki chache tu baadaye nchi hizo mbili ziligombana vikali kuhusu ubalozi mdogo wa Ujerumani Mashariki, na Mwalimu Nyerere akaona bora akose misaada ya Bonn kuliko kuchaguliwa marafiki. Miaka miwili mbele, Februari 1967, benki zikataifishwa. Karatasi ya mkataba ilikuwepo wakati wote huo, lakini haikuwa na meno.

Meno yaliota polepole. Mkataba wa kuanzisha ICSID ulisainiwa 1965, na nchi zikaanza kuingiza katika mikataba yao ya pande mbili ridhaa ya kushitakiwa moja kwa moja na mwekezaji. Uamuzi wa kwanza wa ICSID uliosimama juu ya mkataba wa nchi mbili ulitolewa Juni 1990, nao ulihusu shamba la kamba huko Sri Lanka. Januari 1987 majeshi ya serikali yaliyokuwa yakipambana na waasi wa Kitamil yaliharibu shamba hilo, na kampuni ya Hong Kong, koloni la Uingereza wakati huo, iliyokuwa na hisa humo ikadai chini ya mkataba wa Uingereza na Sri Lanka. Ilipewa dola 460,000. Fedha zilikuwa kidogo, ila mlango ulikuwa umefunguka: mwenye hisa, bila kuwa na mkataba wowote na serikali yenyewe, ameishitaki nchi na ameshinda.

Tanzania ilijiunga na ICSID miaka miwili baadaye, 1992. Ulikuwa wakati wa kuachana na uchumi wa kuhodhiwa na dola na kutafuta mitaji kwa udi na uvumba. Mikataba ikasainiwa, Uingereza, Uswidi, Uholanzi na wengineo, mara nyingi katika ziara za viongozi na picha za kupeana mikono. Leo duniani iko zaidi ya 2,500, na kesi zinazojulikana zilizotokana nayo zimepita 1,000.

Sasa turudi kwenye zile siku kumi na tisa, tukiwa na mkataba wa 1994 mkononi. Tarehe 13 Mei, tangazo la Waziri. Wasuluhishi, mwenyekiti wao akiwa Mbelgiji Bernard Hanotiau pamoja na Gary Born na Toby Landau, walikubali kwamba serikali ina haki ya kuwaeleza wananchi kinachoendelea. Lakini tangazo hili lilikuja wakati muda wa notisi ndiyo kwanza umeanza kuhesabiwa. Liliwaambia wateja, wafanyakazi na benki kwamba kampuni hii imekufa, na likaufanya utaratibu wa mkataba kuwa hauna maana. Tarehe 24 Mei, serikali ikaiondolea City Water msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani ambao kampuni iliingia kazini ikiutegemea. Tarehe 1 Juni, ofisi zikatwaliwa na wakuu wakafukuzwa, ilhali ukomo halali wa mkataba ulikuwa wiki chache tu mbele. Hakuna aliyepigwa. Hata hivyo wasuluhishi walisema ulinzi na usalama kamili si suala la kipigo peke yake. Mwekezaji anatakiwa pia kuwa salama mbele ya dola yenyewe. Ukiyajumlisha matendo hayo, walisema, huo ni utaifishaji, na haukuwa na fidia.

Naijua hoja ya kuitetea serikali, na ina uzito. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, jiji lilikuwa na kiu, kampuni ilikuwa haifanyi kazi, na kila siku ya ziada ilikuwa siku nyingine ya bili zisizokusanywa. Kiongozi anayemwona mwendeshaji mbovu ameshika maji ya watu milioni mbili na nusu hawezi kulaumiwa kwa kukosa subira. Ila wiki zile chache zilizobaki zisingelipunguzia jiji hata tone. Mpito wa utulivu, wenye makabidhiano ya kumbukumbu za wateja na vifaa, ungewafaa wakazi kuliko uvamizi. Tuliyapoteza hayo kwa ajili ya siku moja ya kuonekana tumekuwa wakali.

Kilichoiokoa Tanzania ni hesabu. Biwater Gauff walidai takriban dola milioni 20. Wasuluhishi waliuliza: kufikia tarehe 1 Juni 2005, uwekezaji huu ulikuwa na thamani gani? Wakajibu kwamba haukuwa na thamani yoyote. Kampuni ilikuwa imefilisika kwa mikono yake, mkataba ulikuwa unakwisha kihalali, na hakuna mnunuzi ambaye angetoa fedha kwa biashara hiyo. Matendo ya serikali yalikuwa makosa, lakini hayakusababisha hasara, kwa kuwa hasara ilikuwa imeshatokea. Gary Born aliandika maoni yake tofauti, akipinga njia waliyopita wenzake kufika hapo, ingawa naye hakuona fedha za kulipa. Kila upande ukabeba gharama zake. Na katika usuluhishi mwingine uliofanyika kwa mujibu wa mkataba wa upangaji wenyewe, DAWASA ilishinda na City Water ikaamriwa kuilipa takriban pauni milioni 3.

Nchini kesi ilipokewa kama ushindi mtupu. Tulisherehekea ile sifuri, na zile kurasa zilizotangulia, zilizoorodhesha vifungu vinne vilivyovunjwa, hatukuzisoma kwa makini. Sifuri ile ilitokana na bahati ya kuwa na mwekezaji mbovu. Kama City Water ingekuwa kampuni yenye afya, matendo yaleyale ya siku zilezile yangetugharimu mamilioni.

Jirani zetu wa Kenya walipata ushindi wa aina nyingine, na naona ni vizuri kuuweka kando ya huu. Kwale, pwani ya kusini, kuna kilima cha Mrima, msitu wa hifadhi na mahali patakatifu pa Wadigo, ambao chini yake kuna niobiamu na madini adimu. Machi 2013 kampuni ya Cortec, yenye wenye hisa wa Kiingereza, ilipata leseni maalumu ya kuchimba. Agosti mwaka huo Waziri Najib Balala aliifuta pamoja na nyingine zilizotolewa miezi ile ya mpito wa uchaguzi. Wenye hisa wakaishitaki Kenya chini ya mkataba wa Uingereza na Kenya, wakidai takriban dola bilioni 2. Oktoba 2018 wasuluhishi walisema hawana hata mamlaka ya kuisikiliza hoja. Leseni ilitolewa bila kibali halali cha tathmini ya mazingira na bila kufuata sheria za ardhi ya hifadhi, hivyo kwa sheria za Kenya yenyewe haikuwahi kuwa leseni. Mkataba unalinda uwekezaji uliofanywa kihalali, na hapa hapakuwa na kitu cha kulinda. Kilichoishindia Kenya ni sheria za misitu na mazingira zilizokuwepo kwenye vitabu kabla mtu yeyote hajagombana.

Tanzania, kwa upande wake, iliirudia Mei 2005 kwa kiwango kikubwa zaidi. Julai 2017, katika joto la sakata la makinikia (mchanga wa madini), Bunge lilipitisha kwa haraka sheria za umiliki wa rasilimali na marekebisho ya Sheria ya Madini. Katika marekebisho hayo leseni za uhodhi ziliondolewa kabisa. Hizi zilikuwa leseni za kushikilia eneo ambalo madini yameshagunduliwa lakini bei au miundombinu hairuhusu kuanza kuchimba. Kanuni za Januari 2018 zikazifuta zilizokuwepo na kuyarudisha maeneo serikalini, bila fidia. Desemba 2019 maeneo hayo yakatangazwa kwa zabuni.

Kuna hoja nzuri kabisa dhidi ya leseni za uhodhi. Zilitumika kulala juu ya madini ya nchi kwa miaka huku hisa zikiuzwa na kununuliwa katika masoko ya Toronto na Sydney. Nchi ilikuwa na haki ya kuzikomesha. Ingeweza kuacha zilizopo ziishe muda wake bila kuhuishwa. Ingeweza pia kuwapa wenye nazo mwaka mmoja au miwili waombe leseni ya kuchimba au waondoke. Badala yake zilikatwa kwa siku moja. Na safari hii walioguswa hawakuwa kampuni zilizofilisika; walikuwa na taarifa za miamba, sampuli na risiti za uchorongaji za miaka mingi, yaani vitu vinavyohesabika.

Wa kilima cha Ntaka, Nachingwea, wenye mradi wa nikeli chini ya kampuni ya Indiana Resources, waliutumia mkataba uleule wa Uingereza wa 1994. Tarehe 14 Julai 2023 walipewa dola milioni 109.5 pamoja na riba. Tanzania iliomba uamuzi huo utenguliwe, kisha Julai 2024 pande mbili zikakubaliana dola milioni 90 zilipwe kwa awamu tatu. Winshear Gold ya Kanada, iliyokuwa na mradi wa dhahabu kusini-magharibi, ilimalizana na serikali Oktoba 2023 kwa dola milioni 30. Montero, pia ya Kanada, iliyokuwa na leseni ya madini adimu ya kilima cha Wigu, Morogoro, ilimalizana Novemba 2024 kwa dola milioni 27. Jumla dola milioni 147, zaidi ya fedha zote zile za kukarabati maji ya Dar es Salaam, kwa kufuta leseni ambazo zingeweza kuachwa zife zenyewe. Nikizitazama tarakimu hizo napata uchungu, na sidhani kama uchungu huo unapaswa kuwaendea wasuluhishi peke yao.

Sheria za 2017 zilijaribu pia kujikinga kwa kuandika kwamba migogoro ya rasilimali itaamuliwa na vyombo vya ndani ya nchi. Kinga hiyo haifiki mbali. Nchi haiwezi kutumia sheria yake ya ndani kama udhuru wa kuvunja ahadi ya kimataifa. Hilo limeandikwa katika Mkataba wa Vienna wa 1969 kuhusu sheria za mikataba. Anayetaka kujitoa katika ahadi hana budi kujitoa katika mkataba wenyewe. Septemba 2018 Tanzania ilifanya hivyo kwa Uholanzi: ilitoa taarifa kwamba haitauhuisha mkataba wa pande mbili, nao ukakoma tarehe 1 Aprili 2019. Lakini kifungu cha mwisho cha mkataba ule kinasema uwekezaji uliokuwepo utaendelea kulindwa kwa miaka 15 baada ya kukoma. Aliyewekeza kupitia kampuni ya Uholanzi kabla ya siku hiyo analindwa mpaka 2034. Kusaini kulichukua asubuhi moja ya Julai 2001. Kutoka kunachukua kizazi kizima. Kwa sababu hiyo naamini mikataba hii ingefaa kujadiliwa bungeni kifungu kwa kifungu, kwa muda uleule tunaoutumia kujadili bajeti.

Limebaki jambo moja la kesi ya City Water ambalo linanigusa kuliko hesabu zote. Mwishoni mwa 2006, asasi za kiraia zikiwemo LEAT ya wanasheria wa mazingira, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na TGNP ya wanaharakati wa jinsia, pamoja na wenzao wawili wa nje ya nchi, ziliomba kushiriki kama marafiki wa baraza, yaani wasio sehemu ya shauri wanaoruhusiwa kutoa maoni. Hoja yao ilikuwa kwamba maji ni haki ya msingi, kwamba wakazi wa jiji ndio watakaoishi na matokeo, na kwamba mwekezaji anayeingia katika huduma kama hiyo ana wajibu kwa watu hao. Zilitaka mambo matatu: kuwasilisha maandishi, kuziona nyaraka za shauri, na kuhudhuria vikao. Mlalamikaji alipinga. Februari 2007 wasuluhishi waliruhusu maandishi tu. Asasi ziliandika hoja zao kuhusu shauri ambalo hazikuruhusiwa kuona nyaraka zake, na Aprili, vikao vilipofanyika The Hague, hazikuruhusiwa kuingia ukumbini. Uamuzi wa 2008 ulizitaja hoja zao kwa heshima, na ulisema zimesaidia.

Kanuni mpya za ICSID, zilizoanza Julai 2022, zimesogeza mlango kidogo. Vikao vinaweza kufunguliwa kwa umma na marafiki wa baraza kupewa nyaraka, isipokuwa upande mmojawapo ukipinga. Upande mmojawapo, katika kesi yoyote itakayotoka Nachingwea au Kwale, ni serikali iliyochaguliwa na watu wa huko. Inaweza kutangaza leo, kabla ya kesi yoyote kufunguliwa, kwamba yenyewe haitapinga.